Kidevu cha Sitti Narjis

Sitti Narjis alipanda ngazi za studio Jumanne asubuhi, akiwa amechelewa saa nzima, na kabla hajafika juu sauti yake ilikwishatangulia kumsema aliyejenga nyumba ile.

"Fundi Onnik," alisema alipofika mlangoni, mkono kiunoni, pumzi juu juu, "kama unataka kutumaliza waigizaji wa mji huu, si utupe sumu tujue moja? Ghorofa nne kwa ajili ya picha?"

"Tano, bibie. Umesahau kuhesabu ya chini," Onnik alimjibu. "Jua liko juu, ndiyo maana na mimi niko juu. Ingia, mwanga umekungoja mpaka umekasirika."

Ilikuwa Kairo, mwaka wa 1926, karibu na bustani ya Azbakiya, na kila mwigizaji wa kike aliyekuwa na jina, au aliyetaka kulipata, alipanda ngazi zile. Paa la studio lilikuwa la vioo. Picha alizopiga Onnik chini ya paa lile ziligeuzwa kadi za posta, zikauzwa kwenye milango ya majumba ya maigizo na kwenye vibanda vya tumbaku. Vijana walizibandika juu ya vitanda vyao na mama zao wakazibandua.

Nyuma ya pazia, katika chumba kidogo chenye dirisha la kaskazini, alikaa Araksi. Wateja hawakumwona. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, Muarmenia kama tajiri wake, mwembamba, mabega yameinama kwa kukaa. Kazi yake ilikuwa kusafisha nyuso. Onnik akishapiga picha na kuiosha, kipande cha kioo kilichoibeba kililetwa mezani kwake, naye akakiegemeza mahali mwanga unapopenya kutoka nyuma, akashika penseli iliyochongwa kama sindano na kisu kisichozidi ukucha, akaondoa yote ambayo mwenye uso hakupenda kuonekana nayo: makovu ya ndui, mikunjo, uvimbe wa macho yaliyolia jana yake. Kwenye kioo kila kitu huwa kinyume, cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Kwa hiyo palipopakwa penseli pangetoka peupe kwenye karatasi, na palipokwaruzwa kwa kisu pangetoka peusi. Marehemu mke wa Onnik ndiye aliyemfundisha, miaka saba nyuma, Araksi aliposhuka melini Port Said pamoja na mayatima wengine akiwa na gauni moja.

"Inua kidevu," alimsikia Onnik akisema nje.

"Nikiinua kidevu naonekana kama natafuta popo darini."

"Wewe ni binti wa emiri. Ami yako amekunyang'anya ufalme. Inua."

"Binti wa emiri mwenye huzuni ana haki ya kushika kidevu chake. Niache nikishike."

"Kila picha umekishika. Watu watadhani jino linakuuma."

Narjis alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea kusikika mpaka viti vya juu, na Araksi naye akajikuta anatabasamu peke yake nyuma ya pazia. Kisha pakawa kimya, na Onnik akasema asante.

Kioo kilimfikia baada ya chakula cha mchana, kikiwa bado na harufu ya dawa. Alianza na paji la uso kama kawaida yake, akashuka kwenye mashavu, ambayo hayakuhitaji kitu. Alipofika chini ya mdomo alisimama.

Palikuwa na alama. Nukta mbili chini ya mdomo, na kutoka hapo mstari mwembamba ulioteremka kidevuni ukiwa na vijitawi huku na huku, kama suke la ngano. Kwa macho ya kawaida, chini ya poda na rangi ya jukwaani, hakuna aliyeweza kuziona. Lakini kioo cha picha hakioni rangi kama mtu aonavyo. Ngozi iliyoungua ikapona, ikabaki na wekundu kidogo, kwake ni giza, na poda haikidanganyi.

Araksi alizijua alama zile. Alikuwa ameziona kwenye nyuso za wasichana pale Halab, nchi ya Sham, baada ya vita, walipokuwa wakiletwa kutoka jangwani, mmoja mmoja, wamevaa majoho meusi, hawaelewi tena lugha ya mama zao. Walikuwa watoto wa Kiarmenia waliochukuliwa na Mabedui wakati wa msafara, Waarmenia walipofukuzwa makwao na askari kwenda jangwani, wakalelewa mahemani, wakachorwa chale za buluu usoni kama mabinti wa hema. Huyu alikuwa amezichoma chale zake. Kilichobaki ni kivuli chake.

Akamtazama upya, uso mzima. Miaka ishirini hivi. Nyusi zilizokaribia kukutana.

Aliweka penseli chini.

"Usianze, mwanangu," Onnik alimwambia alipokuja kuchukua kioo na kukikuta kama alivyokiacha. Aliinama akatazama kupitia kioo cha kukuza. "Nimeona. Sasa funika. Kila mmoja wao ana jambo lake, na sisi kazi yetu ni kufunika."

"Ana umri wa mdogo wangu, Fundi."

"Yule wa kwenye tramu naye alikuwa na umri wake. Mume wake nusura akuitie polisi. Na yule dobi wa Shubra, aliyekuwa na mama yake mzazi hai, amekaa pale pale anakutazama ukimlilia binti yake shingoni." Alisema bila ukali. Alikuwa amezika mke na kupoteza ndugu wanane, na alipenda kazi zifanyike. "Kila uso ukiutazama sana chini ya kioo hicho unakuwa wa mtu unayemjua. Mimi nimewahi kumwona baba yangu kwenye picha ya waziri."

Araksi alikifanyia kazi kile kioo. Akafunika nukta, akafunika suke, tawi kwa tawi, mpaka kidevu kikawa laini kama cha sanamu. Lakini kabla hajaanza alikuwa ameingia chumba cha giza akachapa nakala moja ya uso kama ulivyokuwa, na jioni akaenda nayo kwake Bein al-Surein, chumba cha kupanga kwa mjane mshona makoti, akaiegemeza kwenye jagi la maji.

Hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Kwa miaka kumi na mmoja Araksi alikuwa amemkumbuka mdogo wake Takuhi bila uso. Aliikumbuka sauti, mkono, uzito wa mtoto wa miaka tisa mgongoni, harufu ya nywele zilizokosa maji. Uso ulikuwa umefutika, na hapakuwa na picha yoyote kutoka kwao Hajin ya kumrudishia. Katika kumbukumbu ile moja iliyomjia kila siku, akiwa anakunywa chai au anavuka barabara, mtoto alikuwa anaondoka kando ya Mto Khabur akiwa ameshikwa mkono na mwanamke wa Kibedui, na alikuwa hageuki.

Siku ya tatu baada ya kuileta picha ile chumbani, mtoto aligeuka. Alikuwa na uso wa Sitti Narjis.

Tangu hapo aligeuka kila mara. Araksi alijaribu kuiweka picha kifudifudi, akaiweka chini ya godoro, akaifungia sandukuni, na bado mtoto aligeuka mtoni na nyusi zile na mdomo ule wa mwigizaji, mdogo, umekauka. Hakuweza kujua kama amekumbuka au ameibandika. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka saba, kuweka kitu usoni pasipoonekana kuwa kimewekwa, na sasa hakujua ni nani aliyemfanyia yeye.

Wiki iliyofuata alimwomba Onnik amwache yeye mwenyewe ampelekee Sitti Narjis picha. Onnik alimkabidhi bahasha.

"Usimlilie shingoni," alisema tu. "Ni mteja mzuri."

Katika jumba la maigizo walikuwa wamemaliza mazoezi ya mchana. Bawabu alimwelekeza ukumbini hadi chumba cha mwisho, na humo Narjis alikuwa ameketi miguu ndani ya beseni la maji, anakula figili za siki kutoka kwenye karatasi. Alijifuta vidole, akapokea bahasha, akazitazama picha moja moja.

"Huyu mzuri kuliko mimi," alisema. "Aje aigize yeye, mimi nikalale. Nani kanisafisha hivi?"

"Mimi, Sitti."

"Wewe? Mkono wako mwepesi." Aliinua macho, akamwangalia Araksi aliyekuwa bado amesimama, kibegi chake kimebanwa kifuani. Uchangamfu ulimtoka usoni pole pole. "Kaa. Umekuja na jina, sivyo?"

Araksi alikaa.

"Nawajua kwa macho," Narjis alisema. "Wewe wa nne. Wa kwanza mjane kutoka Iskandaria, aliniita Shushan, akazimia hapo hapo ulipokaa. Wa pili kasisi. Wa tatu alikuja na mashahidi wawili na kitabu cha ubatizo. Nimekuwa mtoto wa mhunzi, mtoto wa kasisi, na mtoto wa mwenye duka la hariri. Huyo wa hariri nilimpenda kidogo, alikuja na keki." Alichukua figili, akairudisha. "Sema la kwako."

"Takuhi."

"Takuhi," Narjis alilirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Hapana. Haliniingii popote. Pole, dada yangu."

"Aliwahi kujimwagia uji wa moto gotini. La kushoto."

Narjis alipandisha gauni juu ya magoti bila aibu yoyote. "Tazama. Hili kaniuma ngamia. Hili la miiba. Hili nilianguka kisimani. Hili sijui, na hili sijui, na hili tena sijui. Ukitafuta la uji utalipata, maana kovu la kila kitu lipo." Alishusha gauni. "Mimi nilipopata akili nilikuwa hemani, nachunga mbuzi, naitwa Narjis. Nyuma ya hapo pana homa, na nyuma ya homa hapana kitu. Nimejaribu, usidhani sijajaribu. Alichukuliwaje huyo wako? Askari?"

Kwa Onnik, kwa mke wa Onnik, kwa masista wa nyumba ya mayatima, Araksi alikuwa amejibu swali hilo kwa neno moja: alinyakuliwa. Alifungua mdomo alitoe neno lile lile.

"Nilimtoa mimi," alisema.

Narjis aliisukuma karatasi ya figili kando.

"Mama alikwisha kufa. Tulikuwa tumetembea tangu Mei. Jioni tulifika mtoni, akaja mwanamke na maziwa kwenye kibuyu, akawa anawatazama watoto. Akamwonyesha Takuhi kwa kidole. Nilimwambia Takuhi nenda naye, ukale, nitakuja kukuchukua asubuhi." Kiarabu chake kilikuwa kibovu na alikitafuta neno kwa neno. "Nilikuwa nimesikia askari wakisema msafara unaondoka kabla ya jua. Nilijua. Alinishika gauni, nikambandua vidole. Watu wangesema nilifanya hivyo apone. Nami nilijiambia hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kumbeba."

Maji ya beseni yalikuwa yametulia. Huko jukwaani mtu alikuwa anapigilia misumari.

"Alilia?" Narjis aliuliza.

"Hapana. Tulikuwa na kijiko kimoja. Alinipa, akasema nikae nacho, kwa sababu huenda mimi nitapata chakula kabla yake."

Narjis alitoa miguu majini, akaikausha mmoja baada ya mwingine, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wote waliokuja hapa waliporwa," alisema. "Wote. Nilikuwa najiuliza, hivi jangwa zima halina mtoto hata mmoja aliyetolewa?" Alisimama. "Nenda sasa. Nataka kuvaa."

Araksi aliondoka. Alikuwa amefika katikati ya ukumbi mrefu ule, hajui hata anakokwenda, aliposikia mlango ukifunguliwa nyuma yake.

"We fundi. Rudi."

Alirudi. Narjis alikuwa amejifuta poda yote. Kidevuni ngozi ilikuwa imekunjamana kidogo na kung'aa, kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Nina mama," alisema. "Anaitwa Sabha, yuko huko huko Khabur, mzee sasa. Ndiye aliyenichora, kwa masizi na sindano, na maziwa ya mwanamke aliyejifungua mtoto wa kike. Nililia siku tatu, akanilisha tende na samli mpaka nikanyamaza. Ule mchoro alipewa na mama yake. Nilipotoroka kwenda Halab kuigiza, mkuu wa kikundi akaniambia hakuna malkia mwenye kidevu cha mchunga mbuzi, akanipeleka kwa mtu mwenye chupa ya tindikali. Sabha hajui. Akijua nimeuchoma, ataona nimemchoma yeye. Mwezi wa sita tunakwenda Sham na maigizo, nami nitafika kwake. Nataka kutanguliza picha. Nirudishie chale zangu."

Araksi hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akatikisa kichwa. "Siwezi hilo, Sitti."

"Kwa nini?"

"Zile alama..." Hakujua aseme nini mbele ya mtu aliyekuwa nazo. Kwake yeye zilikuwa muhuri wa kila alilolifanya jioni ile. Alikuwa ameziona kwenye videvu vya wasichana wa Halab akageuza uso asizione tena.

"Kunifuta uliweza bila kuniuliza," Narjis alisema. "Kunirudisha nakuomba, unakataa."

Araksi alikubali, naye Narjis akaja studio Ijumaa, siku ambayo Onnik hakuwa na wateja. Safari hii hakuisema nyumba. Onnik alimpiga picha akiwa na shungi jeusi na mashavu matupu, akampa Araksi kioo, akashika kofia yake akaenda kunywa kahawa bila kuambiwa. Narjis aliingia nyuma ya pazia, akavuta kiti, akachora mfano kwenye karatasi kwa penseli ya wanja: nukta, nukta, suke.

"Vijitawi saba," alisema. "Upande wa kulia vinne. Sabha mkono ulimteleza."

Araksi alishika kisu. Kwanza alilainisha kovu kwa penseli, kisha akaanza kukwaruza, wembamba wa unywele, pale pale ambapo miaka ile sindano ilipita. Narjis alikaa kimya, ubavu kwa ubavu naye, pumzi zake zikimgusa bega. Mara moja tu, kisu kilipogusa chini ya mdomo, alijishika mdomo kama aliyechomwa. Kazi ile iliwachukua mpaka adhuhuri. Ilipochapwa, mwanamke wa kwenye karatasi alikuwa binti wa hema, ametulia, hajawahi kwenda popote.

"Ndiyo mimi," Narjis alisema, na sauti yake ya jukwaani haikuwapo.

Tangu siku hiyo, mtoto wa mtoni alipogeuka, aligeuka na kidevu kilichochorwa. Araksi alijua kuwa jioni ile kidevu kilikuwa kitupu, mtoto alikuwa bado hajafika hemani. Alijikumbusha hivyo kwa nguvu kila mara, na haikusaidia. Aliogopa kwamba kwa mkono wake mwenyewe alikuwa anamharibu yule mdogo aliyebaki naye, siku kwa siku, na kwamba mwishowe atabaki na picha nzuri tu.

Kabla ya kuondoka Narjis alimwambia twende. Treni mpaka Haifa, gari mpaka Halab, na kutoka hapo kuna wenye malori wanaofika Khabur. "Sabha atakutazama, atasema ndiyo au hapana, tutaondokana na hili."

Araksi alisema kazi ni nyingi.

"Kazi gani?" Onnik alimuuliza baadaye. "Ningekupa ruhusa mwezi mzima. Unaogopa atasema hapana?"

"Ndiyo."

"Na akisema ndiyo?"

Araksi alirudi kwenye kioo chake.

Kiangazi kilipita. Barabara ya maigizo ilikuwa kimya, vikundi vyote vimesafiri, na Araksi alisafisha nyuso za maharusi na makarani. Mwezi wa kumi, asubuhi, alisikia mtu akipanda ngazi polepole bila neno, na hakumtambua kwa hatua zake mpaka pazia lilipofunguliwa.

Narjis alikuwa amekonda na kuungua na jua. Alikaa kwenye kiti kile kile, akatoa bahasha kwenye mkoba, akaiweka mezani.

"Hakuiona," alisema. "Ni kipofu. Ule ugonjwa wa macho mekundu wa huko umemla yote mawili, sasa mwaka wa tatu. Picha ilifika kabla yangu, wajukuu wakamwambia ni mimi, akailalia kama mto. Mimi nilipofika akanivuta, akaanza kunipapasa kama wafanyavyo vipofu. Paji, pua. Akafika kidevuni akasimama." Alitazama dirishani. "Akanipiga kibao. Kisha akasema, iliuma zaidi ya sindano yangu? Nikasema zaidi. Akalia yeye, mimi nikawa namtuliza."

Araksi alikuwa ameshikilia ukingo wa meza.

"Nimemuuliza, usidhani sikumuuliza. Siku saba nilikuwa naye na siku saba nilimuuliza." Narjis alivuta pumzi. "Mwaka ule alichukua watoto watatu. Mmoja alipewa na mzee, babu. Mmoja alimwokota peke yake barabarani. Na mmoja alipewa na msichana, kando ya mto, jioni. Aliwalaza pamoja. Ikaja homa, ikachukua wawili wiki moja, na yule aliyebaki hakusema neno mwaka mzima, na aliposema alisema Kiarabu. Sabha alikuwa na mifugo, na watoto wake wa tumbo, na njaa. Hakumbuki aliyebaki ni yupi. Anawajumlisha wote pamoja, anasema, nilikuwa na watatu Mungu akaniachia Narjis."

Nje Onnik alikuwa anasogeza viti. Araksi aliuliza, sauti yake ikiwa ndogo, hao wawili walizikwa wapi.

"Mahali pana mawe. Nilikwenda. Nilisoma Fatiha, kisha nikafikiri labda si yao, nikasimama tu." Narjis alimgeukia. "Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga uongo. Ningeingia hapa niseme, dada, ndiye mimi, nimekumbuka kijiko. Ningekulilia, ungeamini. Naigiza vizuri, wanasema."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilifika mpaka ghorofa ya tatu nikiwa bado nitasema." Alisimama, akainyoosha sketi yake. "Picha kaa nayo. Kule haina wa kuitazama, na mimi nikiiona napatwa na wivu. Nitakuja Jumanne kupigwa ya mchezo mpya, na unisafishe wewe, usimpe mtu mwingine." Alipokuwa anapita, aliweka mkono juu ya kichwa cha Araksi, akauacha hapo kitambo kisicho kirefu, kisha akatoka.

Araksi alimaliza kioo kilichokuwa mezani, cha harusi, kwa sababu kilikuwa kimeahidiwa. Saa sita alivaa koti, akatia bahasha kibegini, akashuka ngazi.

Gazeti la Waarmenia lilikuwa na ofisi yake mtaa wa nne kutoka pale, juu ya duka la viatu. Ukurasa wake wa mwisho, kila wiki, ulikuwa wa watu wanaotafuta watu. Araksi alikuwa ameusoma kila Jumapili tangu afike nchi hii na hakuwahi kupeleka tangazo, maana ilibidi kueleza. Karani alikuwa mzee mwenye mikono ya shati iliyofunikwa kwa kitambaa cheusi dhidi ya wino. Alimwonyesha kiti, akachovya kalamu.

"Jina la anayetafutwa?"

"Takuhi. Binti Hagopian, wa Hajin. Alikuwa na miaka tisa."

"Alipotelea wapi, binti?"

"Hakupotea," Araksi alisema. "Nilimpa mtu, mto Khabur, mwaka wa kumi na tano. Mimi ni dada yake. Andika kwamba nilimpa."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Mzee alimtazama juu ya miwani, lakini alikuwa amesikia mengi katika kiti kile, na baada ya muda akaandika. Araksi alizifuata herufi mpaka zikaisha.

"Alama usoni?"

"Wakati ule hakuwa nayo."

"Una picha yake? Mwezi huu tunachapa na picha, kwa wenye nazo."

Araksi aliweka mkono juu ya kibegi. Aliihisi bahasha ndani, pembe zake ngumu, na humo uso wa mwanamke aliyeujua kuliko uso wowote duniani, kila kinyweleo, kila tawi.

"Sina," alisema.